Uliza, Bibi Atakujibu: Jumamosi Moja Bergen

SWALI: Asalaam aleikum Bibi. Mimi ni afisa wa uvuvi, nakaa Wete. Mwezi wa sita nakwenda Bergen, Norway, kwa mafunzo, na nitapata Jumamosi moja tu ya kutembea. Wenzangu wananishauri nipande boti ya watalii siku nzima, nikaone ghuba na milima. Wewe ulishakaa huko kwa bintiyo. Nifanyeje? Na magharibi inaingia saa ngapi? – Msomaji, Wete

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Hiyo boti ni nzuri, sikatai. Lakini wewe ni mtu wa samaki, na siku unayo moja. Baki mjini, na asubuhi yote ipe Bryggen.

Bryggen ni safu ya nyumba za mbao pale bandarini, nyekundu na manjano, mapaa yamechongoka. Wageni wengi huzipiga picha kwa mbele wakaenda zao. Wewe pita nyuma. Utakuta vichochoro vyembamba, roshani juu ya kichwa chako, ngazi za nje, na ubao mpaka hapo unapokanyaga. Nilisimama nikaikumbuka Malindi yetu ya Unguja.

Wajerumani wa Hansa, yaani umoja wa wafanyabiashara wa zamani, walifungua ofisi yao hapo mwaka 1360 hivi, na biashara yao kubwa ilikuwa samaki mkavu. Anaitwa torsk, samaki wa bahari ya baridi. Hatiwi chumvi hata chembe! Sisi papa tusipomtia chumvi, kesho ana funza. Kule kaskazini, Lofoten, huwafunga mikia wawili wawili na kuwaning'iniza kwenye vichanja tangu Februari mpaka Mei, upepo wa baridi ukawakausha wakawa kama kuni. Wakishafika Bergen, Wajerumani walitoa nafaka wakachukua samaki. Muulize mwalimu wako habari hiyo, usione haya.

Tena ndani ya nyumba hizo za Bryggen, zilizokuwa maghala yao, moto ulikatazwa, hata wa kujipasha, na baridi ya kule unaisikia mifupani. Palikuwa na nyumba za peke yake, Schøtstuene, ndiko walikopikia na kuota moto. Hata hivyo mji uliungua mwaka 1702, na nyumba utakazoziona zilijengwa baada ya hapo, kwa namna ile ile ya zamani. Zimebaki 62. Ziliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1979, Mji Mkongwe wetu ukaingia 2000.

Siku niliyokwenda, fundi mmoja alikuwa anatoa ubao uliooza na kuchomeka mpya pale pale, zile nyingine hazigusi. Nilimtazama muda mrefu, binti yangu akanivuta mkono. Nyumba niliyozaliwa mimi, Mkunazini, ilianguka kwa mvua za masika, na hatukuwahi kuokoa hata mlango. Basi ukimkuta fundi kazini, simama umtazame.

Soko la samaki liko hatua chache kutoka hapo. Bei zake kali, lakini supu ya samaki bakuli moja itakutosha. Kanisa la mbao la Fantoft watalisifu sana. Lile la asili liliungua mwaka 1992 na hilo lililopo ni jipya. Kama huna muda, liache.

Mlima Fløyen weka jioni. Unapanda kwa kigari cha reli kinachovutwa kwa waya, dakika chache tu, mpaka mita 320. Mimi nilifika juu saa tatu na nusu usiku na jua bado linawaka, bandari yote chini inang'aa, watoto wanacheza.

Ndiyo nakuja kwenye magharibi. Mwezi wa sita jua huzama kama saa tano na dakika kumi usiku, na kuchomoza kama saa kumi na dakika kumi alfajiri. Giza halikolei, kwa hiyo wakati wa isha ndio wenye mashaka. Kabla hujasafiri kaa na shekhe wako akueleze habari ya msafiri kukusanya na kupunguza sala, na ukifika ulizia msikiti. Wenyeji wana ratiba yao. Mimi nilisali magharibi kwa binti yangu, dirisha wazi, ndege bado wanalia.

Na beba koti la mvua lenye kofia. Bergen hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na mwavuli wangu upepo uliupindua siku ya kwanza.