Jibu: Usilipe kabla hujauliza ni tani ya nini

Usitume hata senti moja. Umeandika kwamba mito unayoiagiza kutoka Guangzhou ina kilo 400, kwamba wakala amekutajia bei kwa tani na hivyo utalipia chini ya nusu tani, kisha ukauliza kama tani ya Waingereza ni sawa na yetu. Hesabu hiyohiyo niliipiga kwa maua ya plastiki, ikameza faida yote.

Tani za uzito hazitakuumiza: ya Marekani ni ratili 2,000, takriban kilo 907, ya Uingereza ya zamani ni ratili 2,240, takriban kilo 1,016, yetu ni kilo 1,000. Kinachoumiza ni tani isiyo ya uzito. Mzigo wa kuchangia kontena hutozwa kwa uzito au kwa ujazo, kutegemea upi ni mkubwa, na mita moja ya ujazo huhesabiwa kuwa tani moja. Nilikuwa na katoni 50 za kilo 8, kila moja yenye urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40. Zidisha: katoni moja ni mita za ujazo 0.12, zote ni 6. Katoni ambazo kijana wa Kariakoo alizibeba mbilimbili huku akipiga soga ziliandikiwa ankara ya tani sita.

Wakala wangu alijua. Nilipomuuliza kabla ya kulipa, alinijibu, "Tani ni tani, bosi." Naam, chini ya jedwali la bei palikuwa na herufi W/M, yaani uzito au ujazo kwa Kiingereza, lakini nani husoma maandishi ya ukubwa wa ufuta?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba historia iko upande wake. Neno la Kiingereza ton limetokana na tun, pipa kubwa la mvinyo la galoni 252, na meli za kale zilipimwa kwa idadi ya mapipa ziliyoweza kubeba. Ujazo ndio uliotangulia. Hata kiyoyozi cha tani moja hupimwa kwa joto kinachoondoa, BTU (kipimo cha joto) 12,000 kwa saa, la sivyo kuta za Sinza zingekwisha kuanguka.

Muulize wakala wako mita moja ya ujazo ni dola ngapi, na akujibu kwa maandishi. Mito inabanika, kwa hiyo mtake mwenye kiwanda aitoe hewa na kuifunga kwenye nailoni kabla ya kuipakia, kisha akutumie picha ya kila upande wa katoni ikiwa na futi kamba juu yake.