Kidonge cha kichefuchefu kinachoyeyuka ulimini: kausha mikono kwanza

Vidonge hivi mara nyingi huharibika kabla ya kufika mdomoni. Mkono umezoea kusukuma kidonge kwa kidole gumba mpaka karatasi ipasuke. Ondansetroni ya kuyeyuka, ndiyo dawa iliyo kwenye vidonge hivi, haivumilii hilo. Imetengenezwa laini makusudi, ili isambaratike kwa mate ndani ya sekunde chache, hivyo ukiisukuma utaambulia ungaunga. Kausha mikono, bandua karatasi ya nyuma kuanzia pembeni, toa kidonge taratibu, kiweke juu ya ulimi palepale. Usikitoe ukakihifadhi kwa baadaye, maana unyevu wa hewa utakiharibu.

Kikishayeyuka, kimeze pamoja na mate. Maji si lazima, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu ambaye hata funda moja linarudi. Ila dawa hii haiingii mwilini kupitia ulimi, kama wengi wanavyodhani. Hufyonzwa kwenye utumbo kama kidonge cha kawaida, basi ipe kama nusu saa. Ukitapika muda mfupi baada ya kuimeza, huenda imetoka yote au nusu. Muulize mfamasia au daktari kabla ya kurudia.

Kichefuchefu kikitulia, kishawishi ni kunywa kikombe kizima kwa kiu. Tumbo bado halijawa tayari. Anza na kijiko cha chai, yaani mililita 5, cha maji ya ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) kila baada ya dakika chache, kisha ongeza polepole.

Vidonge huwa vya miligramu 4 na 8. Dozi ya mtoto hupangwa kwa uzito wake, kwa hiyo usimmegee kidonge chako.

Kabla ya kutumia, mweleze daktari kama una tatizo la mapigo ya moyo, ugonjwa mkali wa ini, au upungufu wa potasiamu au magnesiamu, ambao kutapika kwenyewe huuleta. Taja pia dawa za sonona na tramadoli, dawa ya maumivu. Anayetumia apomorfini, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, asiiguse ondansetroni kabisa. Mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi unaozuia mwili kuvunja fenilalanini, asome viambato, kwani vidonge vingi vina aspatamu, kitia utamu chenye fenilalanini.

Kuumwa kichwa na kufunga choo ni kawaida. Lakini tumbo likivimba na kuuma huku choo na hewa havitoki, dawa inaweza kuficha utumbo ulioziba: nenda hospitali. Nenda pia ukitapika damu au nyongo ya kijani, ukizimia, au moyo ukienda mbio bila mpangilio.