Maswali na majibu: Una cheti cha sanaa, kazi iko wapi?

Maswali ya safari hii yametoka kwa wahitimu wa uchoraji, ngoma, muziki na maigizo. Wapo waliotoka Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), wapo wa VETA (vyuo vya ufundi stadi vya serikali) na wapo wa vyuo binafsi. Mengi ni swali moja lililobadilishwa maneno: nani ataniajiri? Naanza na hilo ili tulimalize.

Nina stashahada ya sanaa za maonyesho. Serikali inaajiri lini? (Msomaji, Dodoma)

Nafasi za maofisa utamaduni hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia Ajira Portal. Fungua akaunti, pakia vyeti, soma sifa za kila tangazo kabla ya kutuma, maana kada nyingine zinataka shahada. Hakuna tarehe nitakayokupa, na naomba swali hili lisirudi wiki ijayo. Wanaoliuliza wengi wao hawajashika kazi yoyote tangu wamalize chuo. Mchezaji asiyefanya mazoezi miezi sita hupungua, na usaili wa sanaa mara nyingi hukutaka uonyeshe, si ueleze.

Kama ndoto yako ni ualimu, elewa kwamba cheti cha sanaa hakikufanyi mwalimu wa shule rasmi. Ualimu una mafunzo yake. Hata hivyo shule nyingi binafsi huchukua wakufunzi wa ngoma, kwaya na uchoraji kwa vipindi vya baada ya masomo, na hulipa kwa kipindi. Nenda na ratiba ya mafunzo ya muhula mzima kwenye karatasi moja. Mkuu wa shule haajiri kipaji, anaajiri ratiba anayoweza kuwaonyesha wazazi.

Nimepata oda ya kuchora ukuta wa mgahawa, mita 4 kwa 3. Mteja anataka bei leo. Nitaje ngapi? (Msomaji, Arusha)

Usitaje bei leo. Nenda kauone ukuta kwanza.

Lipu mpya inahitaji takribani siku 28 ikauke. Ukipaka kabla ya hapo, chumvi itatoka kama unga mweupe na rangi itabanduka, na lawama ni zako, si za fundi wa lipu. Ukuta wa zamani upime unyevu: bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa utepe wa gundi pande zote nne, kiache saa 24. Ukikuta matone upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani. Mwambie mteja arekebishe bomba au msingi kwanza, tena kwa maandishi.

Sasa vipimo. Eneo lako ni mita za mraba 12. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani mpako mmoja, kwenye ukuta uliopigwa skimu na msasa. Kwenye lipu ya kukwaruza hushuka hadi 7 au 8. Kwa hiyo praima mkono mmoja na rangi ya chini mikono miwili ni kama lita 4 kwenye ukuta laini, kabla hujagusa rangi za mchoro wenyewe. Wahitimu wengi husahau lita hizi, kisha wanazinunua kwa pesa ya nauli.

Hesabu iende hivi (tarakimu ni za mfano, weka bei za duka lako): rangi, praima na brashi 260,000, kukodi jukwaa la kupandia 60,000, usafiri 40,000, michoro ya awali siku moja 60,000, kazi ya ukutani siku 6 kwa 60,000 kwa siku, 360,000, msaidizi siku 6 kwa 25,000, 150,000. Jumla 930,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, unapata 1,023,000, yaani 85,250 kwa mita ya mraba. Hiyo ndiyo bei unayoweza kuitetea. Mteja akisema ni kubwa, punguza mchoro: ondoa nyuso za watu, acha maua na mistari, siku zipungue. Usipunguze siku huku mchoro umebaki vilevile.

Chukua asilimia 50 kabla ya kununua rangi, 30 mchoro ukifika nusu, 20 siku ya kukabidhi. Andika idadi ya marekebisho yasiyolipiwa. Mawili kwenye mchoro wa karatasi yanatosha. Baada ya rangi kugusa ukuta, kila badiliko lina bei. Naona vijana wenye mkono mzuri kabisa wakifanya kazi ya wiki nzima na kubaki na pesa ya chakula tu, kwa sababu mwaka mzima chuoni hakuna aliyewafundisha kukadiria. Wakuu wa vyuo, hili nawaambia ninyi pia.

Cheti cha VETA cha sanaa kinatambulika? (Msomaji, Tanga)

Ndiyo. Kwa chuo kingine chochote, hakiki usajili wake na wa kozi yenyewe NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi) kabla ya kulipa ada, si baada ya mahafali.

Nimesomea maigizo, sipati nafasi ya kuigiza. Nirudi nikasome uhasibu? (Msomaji, Mwanza)

Kama unapenda uhasibu, nenda. Kama unakimbia, subiri kwanza. Kwenye onyesho moja la watu wanne jukwaani kuna meneja wa jukwaa, mtu wa taa, fundi mitambo wa sauti, wa mavazi, wa vipodozi na wa kubeba na kufunga vifaa. Wote hao ni kazi, na huitwa pia kwenye harusi, makongamano, ibada na mikutano ya kampeni. Waigizaji wanagombania nafasi nne. Mtu wa taa anayeaminika hutafutwa kwa simu.

Anza na taa, kwa sababu makosa yake yanaonekana na yanaua. Umeme wetu ni volti 230. Taa ya wati 1,000 hula ampea 4.3. Soketi ya ampea 13 inabeba mbili kwa raha, ampea 8.7. Tatu zinafika 13, huna akiba, na plagi inayobeba mzigo huo saa tatu mfululizo hupata moto hadi plastiki inalainika. Waya wa kurefusha ukiwa umeviringwa kwenye roli lake huhifadhi joto. Utandaze wote hata kama unahitaji mita tano tu. Taa za LED zimepunguza mzigo sana, ila bado utakutana na za zamani kwenye kumbi nyingi. Taa na sauti visile njia moja ya umeme, la sivyo spika zitavuma kila unapopandisha mwanga. Na kila taa ya juu ifungwe mnyororo au waya wa usalama, pamoja na kibano chake. Hili halina mjadala.

Kisha jifunze kuandaa kitabu cha meneja wa jukwaa: andiko la mchezo upande mmoja, maelekezo upande wa pili, kila badiliko la taa na sauti likiwa na namba yake. Unatoa tahadhari kama nusu dakika kabla, "taa 14, tayari", kisha "taa 14, sasa". Mtu asibonyeze chochote kabla ya neno la mwisho. Ukiweza kuendesha onyesho la saa moja namna hiyo bila kupotea, omba kazi kwenye matamasha. Sauti za Busara, tamasha la muziki, hufanyika Zanzibar Februari na ZIFF, tamasha la filamu la huko huko, katikati ya mwaka. Maombi ya kujitolea au kibarua yapelekwe miezi kadhaa kabla, si wiki ile ile.

Kikundi chetu cha ngoma na sarakasi kinacheza hotelini Unguja. Aprili wanatuambia hakuna kazi. Tufanyeje? (Msomaji, Nungwi)

Masika wageni hupungua na baadhi ya hoteli hufunga. Hilo si siri wala hila. Mkataba ndio unaotakiwa kulijua: idadi ya maonyesho kwa msimu, dakika za kila onyesho, usafiri, chakula, na malipo hoteli ikiahirisha ndani ya saa 48. Miezi miwili ya kimya itengewe fedha tangu Julai, au ijazwe na mafunzo ya watoto na maonyesho ya shule. Kwa sarakasi ongezeni bima ya ajali, na mkatae kupiga piramidi ya watu watatu kwenye vigae vilivyolowa kando ya bwawa. Kifundo cha mguu kikivunjika, meneja atatafuta kikundi kingine kesho yake. Tena mjisajili kwenye baraza la sanaa: huku Bara ni BASATA, kwenu Zanzibar ni BASSFU.

Wakala anatupeleka Muscat kupiga muziki hotelini. Anataka laki tano kila mtu na tuondoke kwa viza ya matembezi. (Msomaji, Dar es Salaam)

Msiende. Viza ya matembezi si kibali cha kazi. Mkifika hamna mkataba mnaoweza kuudai na pasi zenu zinaweza kuishia kwenye droo ya mtu. Wakala wa ajira za nje lazima awe na leseni, mkataba uonekane kabla ya safari, na jina la hoteli liwe mle ndani. Ipigieni hoteli wenyewe, kwa namba mliyoitafuta ninyi, si aliyowapa yeye.

Nilimuuzia mtu mchoro wa turubai. Sasa anauchapa kwenye fulana na kuuza. Ni haki yake? (Msomaji, Dar es Salaam)

Si haki yake, isipokuwa kama mliandikiana hivyo. Ulimuuzia turubai, hukumuuzia haki ya kunakili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Ulinzi huanza pale mchoro unapotengenezwa, hata kabla ya usajili, lakini usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki (Zanzibar ni COSOZA), ni ushahidi mzuri siku ya ugomvi. Kusanya picha za fulana, risiti ya mauzo na picha zako za hatua za uchoraji, umwandikie barua kwanza. Mara nyingi barua yenye kifungu cha sheria hufungua mazungumzo ya mrabaha. Ukikubali kumuuzia haki ya kuchapa, taja idadi ya fulana, muda na nchi.

Natengeneza kadi na mabango. Mteja analalamika rangi kwenye karatasi si ile ya kwenye simu. (Msomaji, Morogoro)

Simu huonyesha RGB, yaani rangi za mwanga mwekundu, kijani na buluu; mashine ya kuchapa hutumia CMYK, yaani wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Buluu kali na kijani cha kung'aa hufifia. Badilisha mfumo wa rangi kabla ya kuanza kubuni, na muonyeshe mteja nakala moja iliyochapwa. Kadi iwe dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) kwa ukubwa wake halisi, na rangi ipite ukingo milimita 3 kila upande ili kisu kisiache ufito mweupe. Bango kubwa la barabarani, dpi 100 zinatosha. Nembo uliyotumiwa kama picha ya WhatsApp imeshabanwa. Omba itumwe kama faili.

Nachonga vinyago tangu mdogo, sina cheti chochote. Nimechelewa? (Msomaji, Mtwara)

Hapana. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa vitendo, ukifaulu unapewa cheti. Ulizia ofisi yao iliyo karibu nawe fani yako inapimwa lini. Nenda na vinyago vitatu ulivyomaliza na kimoja kilichofika nusu, ili mpimaji aone unavyoshika tezo.