Kumlipia binti shule ni mwanzo tu, kazi yenyewe ni kumlea

Leo nataka niongee na wazazi, walimu wenzangu na nyie mnaosaidia mabinti wa watu kwa moyo mweupe kabisa, maana naona tunatumia nguvu nyingi sana sehemu moja alafu sehemu nyingine tunaiacha wazi. Tangu ada ya shule za serikali ifutwe mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita, watu wengi wameamini kwamba kikwazo cha mtoto wa kike kimeshaondoka. Siibezi hiyo hatua hata kidogo, enzi zetu ada ya kutwa ilikuwa sh 20,000 kwa mwaka na kuna wenzangu walirudishwa nyumbani kwa hiyo hela wakaishia hapo hapo. Ila mi ni mwalimu, na ni matroni wa hosteli ya wasichana kwenye shule ya kata huku mkoa wa Shinyanga, na ninachokiona kila Januari ni mabinti ambao ada hawadaiwi lakini hawaamini kabisa kwamba shule ni yao.

Mtoto analetwa na tranka lake, ndoo, godoro limefungwa kamba nyuma ya baiskeli, na debe la mahindi. Ukimuuliza jina anaangalia chini, anajibu huku ameziba mdomo na mkono wa sweta. Mwingine alishaambiwa nyumbani ajifelishe mtihani wa darasa la saba, yani aandike majibu ya uongo makusudi ili asichaguliwe aolewe, akakataa kimya kimya akaandika ya kweli akafaulu. Hebu fikiria ujasiri huo, alafu huyo ndo mtu tunasema hajiamini. Kujiamini anako, ila kumejificha ndani kwasababu hajawahi kukutana na mtu mzima ambaye anataka kumsikia.

Darasani nako kuna mtihani wake. Miaka saba kasoma karibu kila kitu kwa kiswahili, anafika kidato cha kwanza baiolojia, jiografia, hesabu vyote vimegeuka kiingereza, akijaribu kujibu akakosea neno darasa zima linacheka na wa kwanza kucheka ni wavulana. Anaamua kunyamaza, na aliyezoea kunyamaza kidato cha kwanza mpaka kidato cha nne utamkuta kanyamaza vile vile. Mi ninachofanya, na nawashauri walimu wenzangu mjaribu, wiki za mwanzo naruhusu jibu kwa kiswahili, tena naanza na wale wa pembeni, alafu tunalitafsiri pamoja ubaoni na anayelitamka tena kwa kiingereza ni yule yule aliyejibu. Kucheka mwenzako kwenye kipindi changu ni kosa kubwa kuliko kuchelewa. Inachukua muda na silabasi inasubiri, najua, lakini binti akishaongea mara ya kwanza bila kuchekwa ya pili haina shida.

Sasa kitu ambacho nakiamini kuliko vyote. Binti hapati kujiamini kwa kuambiwa "jiamini". Tunawaita watu kuja kuwapa semina, wanapiga makofi, wanaimba, wanarudi bwenini vile vile. Kujiamini anakupata pale unapompa kazi ya kweli ambayo akikosea kitu kinaharibika, na wewe unamwacha aifanye.

Nitoe mfano. Hosteli yetu wazazi wanachangia mahindi na maharage, yanaingia stoo yanapimwa na kuna daftari. Zamani daftari alikuwa anashika mwalimu. Nikalitoa nikampa binti mmoja wa kidato cha pili, yatima, analelewa na bibi yake, mkimya kuliko wote bwenini. Kila jioni anasimama na mpishi kwenye mizani, anaandika kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, anapiga mstari kwa rula. Siku moja mkuu wa shule kaja kukagua stoo, kaangalia magunia kasema mbona yapo sawa tu, na huyu mtoto akasema kwa sauti inayotetemeka, "Mwalimu, hapa kuna pungufu." Wote tukageuka. Mkuu akamuuliza pungufu kivipi, akafungua daftari akaanza kusoma siku moja baada ya nyingine na kidole kikiteremka kwenye mstari, Jumatatu hivi, Jumanne hivi, mpaka akafika kwenye magunia mawili yaliyopokelewa siku ambayo yeye alikuwa anaumwa. Hayakupimwa, yaliandikwa kwa kukadiria. Tukayapima pale pale na ikawa kama alivyosema. Mkuu hakusema mengi, alimwambia tu asante, kuanzia leo hakuna gunia linaingia humu bila wewe kuliona. Jamani yule mtoto alivyotoka mle stoo! Wiki ile ile alinyoosha mkono kwenye kipindi cha hesabu, na mwalimu wa hesabu kaja kuniuliza umemfanya nini huyu. Sikumfanya kitu, ni lile daftari.

Kwahiyo wewe mzazi nyumbani nawe mpe binti kazi ya kweli. Mpe hela ya matumizi ya wiki apange bajeti mwenyewe, aende dukani, arudi aseme kilichobaki. Mtume benki na usimamie kwa mbali, usifanye kwa niaba yake. Mwache aongee na fundi, na daktari aeleze mwenyewe anaumwa wapi. Wavulana tunawapa haya mapema sana, binti tunamngoja mpaka aolewe, na akifika huko mwenye hela anakuwa mtu mwingine.

Najua wazazi wengi wa huku Usukuma hofu yao ni moja, kwamba binti akisoma sana anakuwa jeuri. Hii hofu naiheshimu kwasababu nimelelewa na bibi mzaa mama huku huku, na nilipofaulu darasa la saba kikao cha ukoo kilikaa kuhusu ng'ombe kabla ya kukaa kuhusu sare za shule. Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja wa kike ambaye alikuja mwenyewe kwa bibi, akakaa kwenye kigoda, akasalimia kama binti wa pale, akamsikiliza bibi mpaka mwisho ndo akaongea. Na akarudi tena kila likizo. Kutoka kwake nilijifunza kwamba heshima na kujiamini havigombani, na ndo navyowafundisha wa kwangu. Bwenini tunaigiza, mmoja anakuwa baba, mmoja mjomba aliyeleta wageni wa posa, mmoja binti. Tunafanya mazoezi ya kusema hapana bila kupandisha sauti.

Kuna wa kidato cha tatu alirudi likizo ya mwezi wa sita akakuta hao wageni wapo kweli. Alivyonisimulia, alipiga magoti, akasalimia kwa kisukuma "mwadila baba", akaomba ruhusa ya kuongea, akaeleza kabaki na mwaka na nusu tu, akaeleza anataka kusomea nini na kinachukua muda gani, na mwisho akasema baba mi sitaki upate matatizo, anayeoa mwanafunzi anafungwa miaka 30. Hilo ni kweli, limo kwenye Sheria ya Elimu tangu marekebisho ya 2016. Baba yake alinyamaza muda mrefu, wageni wakaambiwa warudi siku nyingine, na Julai alimrudisha shule yeye mwenyewe na baiskeli. Sasa huyo ni jeuri? Wapo watakaokwambia sheria inaruhusu miaka 15, wanasema Sheria ya Ndoa ya 1971, basi waambie Rebeca Gyumi, mwanasheria na mtetezi wa mabinti, alivipeleka mahakamani vile vifungu vya umri wa kuolewa, Mahakama Kuu ikasema 2016 ni kinyume na katiba, serikali ikakata rufaa na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikashikilia hivo hivo. Mabinti wangu hii wanaijua kwa kichwa. Binti anayejua sheria haogopi ovyo.

Kwa nyie mnaotaka kusaidia, naomba niseme jambo moja linaloniuma kweli. Msimuite mtoto mbele ya shule nzima mstarini, "yatima wote njooni hapa", mkampa pakiti ya pedi na madaftari mkapiga nae picha. Pedi anazihitaji sana, bei sio ndogo kwa mtu wa kijijini, kodi ya VAT iliondolewa 2018 alafu 2019 ikarudishwa, na bado kuna wanaokosa masomo kila mwezi kwa sababu hiyo. Lakini ile picha inamfuata, anabaki kuitwa wa msaada. Mpe matroni azigawe kimya kimya, au bora zaidi leteni vitambaa na cherehani tuwafundishe kushona za kufua, hapo anapata pedi na anapata ujuzi. Na kama una uwezo wa kusaidia thelathini mara moja au mmoja kwa miaka minne, mi nakuomba uchukue mmoja. Mjue jina, mjue bibi yake, mpigie simu siku ya kabla ya mtihani, muulize matokeo hata yakiwa mabaya. Hasa wale wanaopanga mageto mtaani kwasababu shule haina hosteli, binti wa miaka 15 anaishi peke yake kwenye chumba, anapika mwenyewe, kijana wa bodaboda anamrudisha kila siku bure mpaka siku anapotaka malipo yake. Pale kinachomlinda zaidi ni kujua kuna mtu mzima atauliza jioni umefika?

Camfed, shirika linalosomesha mabinti wa familia maskini, wako Tanzania tangu 2005 na kitu chao nilichokipenda ni kwamba mabinti waliosomeshwa wanarudi kwenye shule za kwao, wanakaa na wadogo zao kuwafundisha stadi za maisha, na wakikopa mtaji wa biashara riba yao wanailipa kwa huo huo muda wa kujitolea. Mtoto wa kule kijijini anamuona dada aliyetembea barabara ile ile ya vumbi, saivi ana biashara yake na anaongea mbele za watu. Hata kama shule yako haina mradi wowote, watafute waliomaliza, waite Jumamosi moja, hawahitaji posho kubwa.

Alafu kuna wale waliopata mimba. Tafadhali msiwazike wakiwa hai. Novemba 2021 serikali ilitangaza wanaruhusiwa kurudi shule za kawaida baada ya kujifungua, na bado nakutana na wazazi hawajui au wanajua wanaona aibu. Nenda kaongee na mkuu wa shule mapema. Na akisema hataki kurudi darasa lile lile na wadogo zake, kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, viko 54 nchi nzima, anasoma masomo ya sekondari na huku anajifunza ushonaji, umeme wa majumbani, magari, mifugo, na kuna vyuo vina sehemu ya kumlelea mtoto wakati mama yuko kipindi. Nina mwanafunzi wangu mmoja wa zamani kapitia huko, saivi anafunga umeme kwenye nyumba za watu, anapanda juu ya dari na mafundi wa kiume wanamsubiri chini na waya. Mama yake aliyekuwa hataki hata kumsemesha ndo anamshikia mtoto akienda saiti.

La mwisho ni makaratasi, na hapa nimeona ndoto nyingi zikikwama. Binti kafaulu kidato cha sita vizuri kabisa, anaomba mkopo Bodi ya Mikopo, anatakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, yani wakala wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, na kama ni yatima vyeti vya vifo vya wazazi, navyo vihakikiwe. Hapo ndo familia inaanza kutafuta, baba alifariki kijiji kingine mwaka ambao hakuna anayeukumbuka vizuri, hakuna kibali cha mazishi, mtendaji wa zamani kastaafu, na dirisha la maombi linafungwa. Kwahiyo mwenye binti yupo kidato cha kwanza au cha pili saivi, aanze na hivyo vyeti mwaka huu, aende nae binti mwenyewe wilayani, binti ndo ajaze fomu, binti ndo aulize lini arudi kufuatilia, na akirudi nyumbani avihifadhi yeye kwenye bahasha yake.