Kwa Kijana wa Masasi Anayetaka Kitabu Kingine

Kijana mmoja wa Masasi kaniandikia wiki hii. Juzuu zote za Qur'ani amehitimu, nahau ya Kiarabu anaijua, tafsiri mbili kazipitia jalada kwa jalada. Analalamika sala imekuwa kavu: akisimama kuswali, anajikuta anachambua irabu za imamu. Anauliza asome kitabu gani kingine.

Hakuna kitabu, mwanangu. Haya nayajua kwa sababu mimi nilinyang'anywa darasa.

Nilikuwa nikifundisha katika msikiti mmoja hapa Mtwara mjini, kila Alhamisi baada ya Magharibi. Watu walikuja hata kutoka Mikindani, na sisemi kwa kujisifu, waliokuwepo wanajua. Kisha kamati ikakaa bila mimi, darasa likapewa kijana niliyemfundisha mwenyewe alifu na be. Sababu sikuambiwa. Mpaka leo sijaambiwa.

Nikahama msikiti, nikarudi. Ya katikati hayana faida kwako.

Niliporudi nilikaa nyuma kama mwanafunzi, lakini kazi yangu ilikuwa kuwinda makosa. Yule kijana niliyemfundisha akitia irabu ya kasra mahali pa fatha, moyo wangu unachangamka kuliko ninapoisikia aya yenyewe. Hadi usiku alipofika Suratul Kahf, kisa cha Nabii Musa na Khidhri, mja aliyepewa elimu ambayo Musa hakuwa nayo. Katika Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume, imepokewa kwamba Musa aliulizwa ni nani mjuzi zaidi ya watu, akajibu: mimi. Ndipo akaelekezwa kwa Khidhri, kwa sharti asimuulize kitu mpaka aambiwe. Jahazi likatobolewa, mtoto akauawa, ukuta ukajengwa bila ujira, na mara tatu Musa hakuweza kunyamaza. Ndege akatua ukingoni mwa jahazi, akachovya mdomo baharini, na Khidhri akasema elimu zao wawili hazikupunguza elimu ya Mungu ila kwa kadiri ile ndege aliyopunguza bahari.

Kisa hicho nimekifundisha miaka. Siku zote nilipenda kukaa kwenye ubishi: Khidhri ni nabii au walii, yu hai au amekufa? Upande wa Musa, aliyeambiwa "nyamaza" huku anajua, sikuwahi kukaa hata dakika moja.

Usidhani ni ugonjwa wa walimu wadogo wa pwani. Imamu Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, alikuwa mwalimu mkuu wa chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, cheo kisichokuwa na mfano zama zake. Mwaka 1095 ulimi ulimfunga, akashindwa kutoa darasa. Ameeleza mwenyewe kwamba alipoipima nia yake ya kufundisha, alikuta inasukumwa na kutafuta jaha, yaani heshima ya cheo, na sifa. Akaacha kazi, akaenda Damascus, akawa akijifungia siku nzima juu ya mnara wa msikiti. Alirudi kufundisha mwaka 1106, huko Nishapur, akasema zamani alifundisha elimu ya kupata cheo, sasa anafundisha elimu ya kukiacha.

Kwa hiyo sisemi uache kusoma. Mtume ameamrishwa katika Qur'ani aombe "Mola wangu, nizidishie elimu", na yeye huyohuyo alijikinga kwa Mungu na elimu isiyonufaisha. Wewe unaiomba ya kwanza kila siku. Ya pili uliiomba lini?

Fanya hivi. Tafuta darasa la mtu aliye chini yako kielimu, ukae, unyamaze. Akipotosha hukumu ya sala, mfuate nje, mwambie peke yake. Makosa mengine yameze. Utaumwa, meza tu. Kisha chukua jambo moja unalolijua, ulifanye. Hadithi ya kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka bila shaka unaijua pamoja na isnadi yake, mlolongo wa walioipokea. Masasi ni kwenu na korosho: mnada ukifunguliwa, walipe waliokuokotea kabla hujakwenda kununua jalada jingine. Na unyamaze hapo pia, usiwasomee hiyo hadithi wakati unahesabu pesa.

Ndugu zangu mnaosoma haya, nanyi pia. Tumejaa vitabu na tumejaa majibu, na majirani zetu wanatukwepa njiani kwa kuogopa kusahihishwa.

Ukishuka Mtwara, kijana, njoo Alhamisi. Nakaa safu ya nyuma, kando ya viatu. Usiniite shehe mbele ya watu. Au niite, lakini mara moja tu, na katibu wa kamati awepo.