Hamu imekauka, na shahada bado iko mbali

*Shangazi, shikamoo.*

*Nasomea shahada ya biashara kwa kujisomea mwenyewe. Hakuna darasa wala mwalimu. Chuo kinatoa muhtasari wa somo na orodha ya vitabu, nasoma kwa wakati wangu mtoto akishalala, na nikiwa tayari najiandikisha mtihani. Nimefaulu masomo sita. La saba, uchumi, nimeanguka miezi minne iliyopita, na tangu hapo hamu imekauka kabisa. Nafungua kitabu, nasoma kurasa mbili, nikija kushtuka niko kwenye simu. Nimejaribu kuamka alfajiri, nimepigia mistari ya rangi karibu kitabu kizima, nimepakua programu tatu za kupanga ratiba. Wapi. Wenzangu niliomaliza nao sekondari wameshahitimu na wengine wanasomea shahada ya pili. Nyumbani hawajui kuwa nilifeli. Mume wangu akiuliza, namwambia "naendelea", na ada tunailipa kwa pesa za nyumba. Kuna kozi ya video za uchumi nataka kuinunua, labda itanirudishia ari. Au mimi ni mvivu tu, niache?*

*Niliyekwama*

Marahaba, mwanangu.

La uvivu nalimaliza haraka. Mvivu hafaulu mitihani sita akiwa na nyumba ya kuendesha na hakuna mtu wa kumsimamia. Futa neno hilo tuzungumze mengine.

Barua yako imenieleza kwa kirefu habari za alfajiri, kalamu za rangi na programu za simu. Lakini kuna kitu nimekitafuta humo nisikione: tarehe ya kurudia mtihani. Nimeisoma tena nikidhani imenipita. Haimo. Miezi minne sasa unasomea mtihani usio na siku, kisha unashangaa kwa nini simu inakushinda. Ingemshinda yeyote.

Usidhani mwanafunzi aliyeko chuoni ana hamu kukuzidi. Yule anaburutwa. Kuna kipindi asubuhi, kuna kazi ya kukusanya Ijumaa, kuna mwenzake wa chumbani anayemuuliza kama ameshaanza swali la tatu. Siku asiyotaka hata kuliona daftari, ratiba haimuulizi anajisikiaje. Wewe umevikosa vyote hivyo, ukabaki na nia yako peke yake, na nia ya mtu aliyechoka saa tatu usiku ni kitu chepesi sana. Mtindo huu wa kujisomea popote na kuja kwenye mtihani tu ni wa zamani. Chuo Kikuu cha London kiliufungua mwaka 1858, kikaruhusu watu wasiosoma katika vyuo vyake wafanye mitihani yake ya shahada. Mpango haujabadilika sana tangu hapo. Chuo kinakupa muhtasari na siku ya mtihani, ya katikati unajua mwenyewe. Ukiiondoa siku ya mtihani, unabaki na muhtasari, na sijapata kusikia muhtasari uliomwamsha mtu usingizini.

Kwa hiyo jiandikishe kwanza. Najua utaniambia hujawa tayari. Huko kusubiri mpaka uwe tayari kulikufaa kwenye masomo uliyoyamudu, lakini somo lililokuangusha halikupi hisia hiyo kamwe. Aliyefeli hujiona hajui hata pale anapojua. Soma kanuni za chuo chako uone muda wa kusubiri kabla ya kurudia, kwa sababu kila bodi ina wake. Mitihani ya CLEP ya Marekani, ambayo mtu hujisomea mwenyewe akaifanya ili apate alama za chuo, kwa mfano, inataka ipite miezi mitatu. Wewe umeshakaa minne, nadhani mlango uko wazi. Chagua siku iliyo kama wiki nane mbele. Ukiiweka karibu zaidi utasoma kwa kihoro, ukiiweka mbali utarudi kwenye simu. Lipa, kisha uandike tarehe hiyo mahali ambapo si wewe peke yako utakayeiona. Nitarudi kwenye hilo.

Sasa niseme juu ya kusoma kwenyewe, maana naona hapa ndipo hamu yako ilipofia.

Unapiga mistari ya rangi. Unasoma sura, unairudia, mara ya pili inateleza vizuri, unafunga kitabu ukiamini imekaa. Ukifika mtihanini haipo. Hakuna kinachovunja moyo kama hicho, kwa sababu ulisoma kweli, tena kwa saa nyingi, na unaishia kuamini kuwa kichwa chako ndicho kibovu. Kichwa chako ni kizima. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena na tena. Wengine walisoma, wakafunika, wakaandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa juu. Walipopimwa baada ya siku 2, na baada ya wiki, mambo yalipinduka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa kwamba watakumbuka! Hiyo imani ndiyo inayokudanganya ukiwa na kalamu ya rangi mkononi.

Nikuonyeshe ninavyotaka ufanye. Funga kitabu. Chukua karatasi tupu, andika juu swali moja: kwa nini benki kuu hupandisha riba mfumuko wa bei ukiwa mkali? Jibu. Huenda ukaandika "ili kupunguza fedha kwenye mzunguko", ukakwama hapo. Vizuri, kaa na huko kukwama kidogo, usikimbilie kitabu. Fedha inapunguaje? Riba ikipanda, mkopo unakuwa ghali. Anayetaka kukopa ajenge anaahirisha, na kampuni iliyotaka kununua mashine inasita. Mwenye akiba anaona afadhali iendelee kukaa benki. Watu wakinunua kidogo, mwenye bidhaa anashindwa kupandisha bei kama alivyokuwa akifanya. Sasa ndipo ufungue kitabu, uangalie ulichosahau, ukiandike kwa wino mwingine. Karatasi hiyo irudie kesho bila kuangalia, kisha baada ya siku kama nne, kisha wiki inayofuata. Mjerumani Ebbinghaus alishatuonyesha tangu mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni, mara tu baada ya kujifunza. Ndiyo maana marudio ya kwanza yawe ya mapema.

Itakuuma. Kujipima kunachosha kuliko kusoma, na siku za mwanzo utajiona mjinga kwa sababu karatasi itakuwa na mapengo mengi. Lakini ukilala utakuwa na kitu cha kushika: jana nilikwama hapa, leo nimepita. Hamu unayoitafuta inatoka humo. Unaisubiri ije kwanza ndipo usome, wakati kwa kawaida inakuja baada ya mtu kuona kazi yake imezaa, hata kama ni kidogo.

Kabla ya kuanza lolote, tafuta matokeo yako ya ule mtihani. Vyuo vingi hutoa mchanganuo wa mada, na baadhi huchapisha ripoti za watahini zinazosema wazi watahiniwa walikosea wapi. Nina wasiwasi hujayafungua tangu siku ile ulipoona neno "umefeli". Yafungue. Kuanguka uchumi wote na kuanguka kwenye sura tatu za uchumi ni mambo mawili tofauti, na la pili lina dawa. Chukua pia mitihani ya nyuma, ufanye mmoja kwa saa kamili huku simu ikiwa chumba kingine. Usiuweke kwa wiki ya mwisho. Ufanye wiki hii, ukiwa bado hujui vizuri, ili ujue pa kuanzia.

Kuhusu muda, sitakupangia ratiba. Umeshapakua tatu na hazikufaa. Ninachokuomba ni kuifunga kazi yako kwenye tukio ambalo hutokea kila siku, lisilotegemea saa wala hisia. "Mtoto akishalala, nakaa mezani na karatasi moja." Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameitafiti kwa miaka mingi mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nafanya lile", na imeonekana kuwasaidia watu kutimiza wanachokusudia kuliko nia peke yake. Siku umechoka sana, jibu swali moja ukalale. Swali moja linatosha kwa siku mbaya, na alfajiri achana nayo. Kama wewe si mtu wa alfajiri, utaamka ukasinzie juu ya kitabu.

Tuje kwa mume wako.

Hiyo "naendelea" inakula nguvu zako kuliko uchumi. Kila ukifungua kitabu unakutana na vitu viwili, somo lenyewe na uongo unaoulinda, na simu inakuwa mahali pa kuvikimbia vyote. Tena umejinyima msaada. Mtu anayeamini mambo yanaenda vizuri hana sababu ya kukuachia jioni. Mwambie, tena usiende na uso wa mshtakiwa. Nenda ukiwa umeshajiandikisha, umwambie: "Somo la uchumi nilianguka. Narudia tarehe hii hapa. Jumanne na Alhamisi naomba mtoto umlaze wewe." Basi. Habari mbaya, mpango, ombi. Anaweza kukasirika kwa sababu ya pesa, na kwa kuwa ni pesa za nyumba ana haki ya kuuliza. Mwache aulize. Hasira ya jioni moja inakwisha, lakini kificho cha miezi minne kinaongezeka uzito kila anapokuuliza. Na tarehe ikae ukutani anapoiona yeye. Ndiko nilikokuwa nakwenda niliposema isiwe ya kuonwa na wewe peke yako.

Mbali naye, tafuta mtu mmoja anayejiandaa kwa mtihani huohuo au somo la karibu. Mmoja tu, si kundi la watu mia wanaotumiana picha za kutia moyo. Kila Jumapili akutumie swali nawe umtumie lako, mjibizane kwa maandishi. Anayesubiri jibu lako ni mwalimu tosha.

Wenzako wa sekondari waache walipo. Nelson Mandela alianza kusomea shahada ya sheria darasani mwaka 1943, akaondoka bila kuipata, akaendelea kusoma kwa posta akiwa kifungoni, na shahada hiyo akaja kuitunukiwa na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989. Sikulinganishi na Mandela, maana mzigo wako na wake haulingani. Nasema tu kwamba cheti chake hakikuandikwa "amechelewa", na chako hakitaandikwa.

Umeniuliza kama uache. Kuacha si dhambi, na wapo niliowashauri hivyo: mtu aliyeanza shahada kumridhisha mzazi, au ambaye kazi anayoitaka haihitaji kabisa cheti hicho. Jiulize hivi: ningefaulu uchumi siku ile, leo ningekuwa nafikiria kuacha? Kama jibu ni hapana, basi shahada haina tatizo. Ni kidonda cha kufeli, na huamui jambo la miaka ukiwa na kidonda kibichi. Kama jibu ni ndiyo, niandikie tena, hayo ni mazungumzo mengine.

Kuna watakaokushauri uuweke uchumi kando ufanye kwanza somo jepesi, upate ushindi. Si ushauri mbaya, kama kanuni za chuo zinaruhusu. Sharti langu ni moja: tarehe ya uchumi iwe imeshalipiwa kabla hujagusa hilo jepesi, la sivyo utafanya mepesi yote na uchumi utabaki umekaa mlangoni unakungoja.

Na ile kozi ya video, usiinunue sasa. Unataka kununua ari, na video utazitazama jinsi ulivyokuwa unapiga mistari ya rangi: zitateleza vizuri, utafurahi, utasahau. Fanya kwanza ule mtihani wa nyuma. Ukikuta kuna mada ambayo kitabu na mwenzako vyote vimeshindwa kukuelewesha, tafuta somo la mada hiyo tu. Mengi yapo bure mtandaoni. Pesa ya kozi ilipie ada ya marudio.