Vizibo 24 katikati ya uwanja

Makocha wengi wa mitaani wakitakiwa kufundisha matumizi ya kiasi, huwakalisha vijana chini ya mwembe na kuwahutubia dakika ishirini kabla mpira haujaguswa. Kijana aliyekuja kucheza hasikii kitu, macho yake yako kwenye mpira. Somo lifiche ndani ya sheria ya mchezo wenyewe. Akose kitu uwanjani kwa sababu alikimaliza kwa mikono yake, ndipo muongee.

Kwa Kigoma mchezo unaokubali haraka ni wa dagaa. Mtoto wa Ujiji, Gungu au Kibirizi hahitaji kuelezwa karabai zinavyowaka ziwani usiku wa giza, wala mboga inavyopungua dagaa wakiadimika.

Pima mraba wa hatua 20 kwa 20. Kila pembe ipate timu ya watu wanne na mpira mmoja. Katikati chora duara, hilo ndilo ziwa, umwage humo vizibo 24 vya chupa za maji. Tumia vya plastiki, kwani vya soda vina meno yanayochana vidole. Filimbi ikilia, mchezaji wa kwanza wa kila timu anakokota mpira mpaka ziwani, anaokota vizibo visivyozidi viwili, anarudi akikokota na kumwachia mwenzake mpira. Raundi moja ni sekunde 60. Kizibo kilichoanguka njiani kimepotea, hakiokotwi na hakirudi ziwani. Raundi ikiisha, hesabu vilivyobaki ndani ya duara, uviongeze mara mbili kwa kutumia vile vilivyovuliwa, ila ziwa lisizidi 24. Chezeni raundi tano. Kila kizibo kilichofika nyumbani ni pointi moja, iandike kwenye karatasi.

Usitoe ushauri wowote. Mara nyingi ziwa hukauka raundi ya kwanza tu, na sifuri mara mbili ni sifuri. Hapo ndipo huruma ya kocha huharibu kazi: anajaza vizibo upya ili watoto "wasikate tamaa". Acha. Piga filimbi ya raundi ya pili kama kawaida, wakimbie hadi ziwani watupu na warudi watupu. Kelele utakazosikia ndizo mwanzo wa somo.

Sasa wape dakika tatu na kijiti cha kuandikia mchangani. Hesabu wataipata wenyewe: kila timu ikichukua vitatu, vinatoka 12 na kubaki 12, na raundi ifuatayo ziwa limejaa tena. Kwa raundi tano vinavuliwa 60, yaani 15 kwa kila timu, badala ya 24 vilivyogombaniwa mara moja. Wakikwama, uliza tu, "Vikibaki kumi, kesho vitakuwa vingapi?"

Wakirudia mchezo wataweka makubaliano, na kufikia raundi ya tatu yatavunjwa. Atakuwepo wa kuchukua cha nne, na hakosekani wa kuficha kizibo ndani ya soksi. Usimfokee na usimtoe nje. Simamisha mchezo, uwaulize watafanyaje. Wengine wataweka mlinzi wa ziwa, wengine faini ya vizibo viwili. Vikiwa vimebaki sita, kuna kundi litakalopendekeza watu wote wakae raundi mbili bila kuvua: 6 viwe 12, 12 viwe 24. Likitokea hilo, ndipo uwakumbushe kwamba Ziwa Tanganyika lenyewe lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Ukilitaja mapema umewapa jibu kabla ya swali.

Angalizo moja zito. Uwanjani watakuwepo watoto ambao baba zao ni wavuvi wa Katonga au Kibirizi, na ada zao za shule zimetoka ziwani. Mazungumzo yakigeuka kuwa lawama kwa wavuvi, watoto hao watanyamaza na wiki ijayo hawatakuja. Geuza swali liwaelekee walaji: nyumbani kwenu mnanunua kiasi gani, kinaliwa kiasi gani, na viporo vinaishia wapi? Vile vizibo vilivyoanguka njiani vinakusaidia hapa. Vihesabu mbele yao. Kwa kawaida timu yenye papara ndiyo hupoteza vingi. Ni sawa na dagaa walioanikwa mchangani mvua ikawakuta, wakati waliowekwa kwenye chanja huwahi kukauka na hawaokoti mchanga. Samaki alishavuliwa, lakini hakufika chunguni.

Kwa vijana wa miaka 14 na kuendelea, mechi nzima inaweza kuendeshwa kwa mtindo wa football3, usio na refa. Dakika kumi za kukubaliana sheria, mechi, kisha dakika kumi za kupeana pointi za uungwana juu ya zile za magoli. Sheria mojawapo iwe ya matumizi, kwa mfano timu itakayoacha takataka upande wake ipoteze pointi moja. Moja inatosha. Zikiwa tatu, hakuna anayezikumbuka.

Na vifaa vyako vitakusuta. Ukigawa katoni mbili za maji ya chupa kwenye bonanza la kuzuia taka, watoto wanaona. Ndoo ya koki ya lita 20, yenye maji yaliyochemshwa na kupozwa, inatosha watoto 20 kwa lita moja kila mmoja, na kila mtoto aje na kikombe chake. Lakini maji ya kunywa usiyafanye kuwa mchezo wa kubana matumizi, hasa Septemba jua likiwa kali. Mwenye kiu anywe.

Mpira nao utunzwe. Lowesha sindano ya pampu kwa glisirini kabla ya kuiingiza, kwa sababu sindano kavu ndiyo hutoboa bladda. Usiujaze mpaka uwe jiwe, na asiukalie mtu. Kwa wadogo, chandimu inafaa kabisa: kiini cha sponji ya godoro kuukuu, juu yake vitambaa vikavu, soksi, kisha wavu wa kamba wenye mafundo yaliyofichwa ndani. Upime kwenye mizani ya duka. Ukizidi gramu 400, punguza vitambaa, maana ukilowa utaumiza miguu ya watoto.

Kabla ya kuondoka hesabu vizibo. Vikiwa 22, anza na soksi.